Wasomaji Wanauliza: Kwa Baiskeli Katika Vilima vya Pwani ya Katalunya

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninafanya kazi Stuttgart, Ujerumani. Mwezi Mei mimi na mke wangu tunakusudia kwenda Hispania kutembea kwa baiskeli wiki moja katika pwani ya Katalunya, tukibeba mizigo yetu wenyewe. Nimeangalia ramani nikaona kwamba vilima vilivyo karibu na bahari havifiki mita 600, kwa hiyo nimepanga tufuate barabara ya baharini kutoka Blanes hadi Begur, nikiamini kwamba itakuwa tambarare kama njia ya Tanga kwenda Pangani. Je, mpango huu una kasoro?
Msomaji, Stuttgart

JIBU: Kasoro ipo, ndugu yangu, nayo ni hiyo barabara ya baharini yenyewe. Kuhusu urefu wa vilima ramani haikukudanganya: kilele cha juu cha Gavarres, vilima vilivyo kati ya mji wa Girona na bahari, kinapita mita 530 kwa kiasi kidogo tu. Lakini mwendesha baiskeli hachoshwi na kilele asichokipanda. Huchoshwa na jumla ya mita anazopanda kutwa nzima, na pwani hiyo imeumbika kwa namna ya kumpandisha na kumteremsha bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Sehemu kubwa ya pwani kutoka Blanes hadi Palamós ni mwamba wa graniti unaoingia moja kwa moja baharini, nao umekatwakatwa na vijito vinavyoteremka kwa kasi, kwa hiyo barabara hushuka kwenye kijito, ikapanda mgongo wa mwamba, ikashuka tena kwenye kijito kinachofuata. Kipande cha kutoka Tossa de Mar hadi Sant Feliu de Guíxols, ambacho ni kama kilomita 22, husemwa kuwa kina kona 365, moja kwa kila siku ya mwaka, na sijaona sababu ya kuwabishia wanaosema hivyo. Kwa macho ni barabara ya kupendeza mno, na wenye baiskeli nyepesi za mbio huifuata makusudi. Kwa watu wawili wenye mikoba mizito pembeni mwa magurudumu, huku pikipiki na mabasi ya watalii yakiwapita kwenye kona, sioni raha yake iko wapi.

Ningewashauri mkae upande wa bara, na baharini mfike mahali pachache mlipopachagua. Anzieni Girona. Kutoka Barcelona treni za kawaida za mkoa hupakia baiskeli nzima panapokuwa na nafasi, ilhali zile za mwendo kasi hutaka ifunguliwe na kufungwa ndani ya mfuko, jambo ambalo kwa baiskeli ya safari yenye keria na madigadi ni usumbufu usio na malipo.

Kutoka Girona hadi Sant Feliu de Guíxols mtafuata njia ya reli ya zamani. Reli hiyo nyembamba, yenye upana wa milimita 750, ilifunguliwa mwaka 1892 ikafungwa mwaka 1969, na leo vyuma vyake vimeng'olewa ikabaki njia ya baiskeli na ya waendao kwa miguu yenye urefu wa kilomita zipatazo 40. Hapa ndipo penye siri ya vilima hivi. Injini ndogo ya mvuke haiwezi kukwea mlima mkali, kwa hiyo wajenzi wa reli walilazimika kuuzunguka upande wa kusini wa Gavarres, wakitafuta mwinuko mpole kupita Quart, Cassà de la Selva na Llagostera, kisha wakateremka polepole kupitia Santa Cristina d'Aro hadi bandarini. Kazi waliyoifanya kwa ajili ya mabehewa ya abiria na shehena sasa inayafaa magoti yenu. Njia imetandazwa mchanga wa graniti ulioshindiliwa, ambao hunyonya maji ya mvua upesi, lakini mjihadhari mahali njia inapokata barabara za magari: hapo mchanga hukusanyika ukawa laini juu ya lami, na gurudumu la mbele lenye mzigo huteleza mtu anapokata kona huku ameshika breki.

Kutoka Sant Feliu elekeeni kaskazini hadi Palamós. Sitawaficha kwamba hicho ndicho kipande kisichopendeza kuliko vyote, kwa sababu hoteli na magari ya Platja d'Aro hayana mwisho; kipiteni asubuhi na mapema. Palamós ni bandari ya wavuvi, na kutoka hapo kuna njia nyingine ya reli ya zamani, fupi, inayokwenda Palafrugell katikati ya mashamba. Mkifika huko mtakuwa mmeshaupita ukingo wa vilima, na mbele yenu kuna uwanda wenye mashamba ya mpunga ya Pals, kijiji cha mawe cha Peratallada, na mji wa wafinyanzi wa La Bisbal d'Empordà, ambako maduka ya vyungu na vigae yamepangana kando ya barabara kuu.

Mtarudi Girona kwa kuvuka Gavarres zenyewe, kupitia Monells na Madremanya hadi kwenye kanisa la Els Àngels, lililo mita 485 juu ya usawa wa bahari, ambamo mchoraji Salvador Dalí na mkewe Gala walifunga ndoa ya kanisani mwaka 1958. Huo ndio mlima pekee wa kweli katika mzunguko huu wote, na kwa kuwa kuanzia hapo hadi Girona ni mteremko wa takriban kilomita 10, mtaumaliza mkiwa na furaha. Pandeni taratibu mkitazama mialoni ya pembeni, ambayo gome lake hutengenezewa vizibo vya chupa. Gome huvuliwa wakati wa joto, na mti ukishavuliwa huachwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kuguswa tena. Shina lililovuliwa karibuni huwa laini na jekundu kama udongo wa kichuguu hadi kwenye matawi ya kwanza, na juu yake gome la zamani la kijivu, lenye nyufa za kuingiza kidole, hubaki kama lilivyo. Utajiri wa Palafrugell, Cassà na Sant Feliu ulijengwa juu ya gome hilo, na Palafrugell wana makumbusho yake.

Mzunguko wote ni kama kilomita 120, kwa hiyo wiki moja itawatosha na kubaki. Mkiona siku zinazidi, kuna reli nyingine ya zamani kutoka Girona hadi Olot, iliyofungwa mwaka huohuo wa 1969, ambayo itawapeleka kwenye nchi ya volkeno zilizozimika. Msizipoteze siku hizo kwa kurudi kwenye barabara ya kona 365.

SWALI: Ninayo baiskeli ya mbio yenye tairi za milimita 25. Gia yake nyepesi kuliko zote ni meno 39 mbele na 25 nyuma, nami huku nyumbani napanda nayo milima bila shida. Je, itafaa kwa safari ya vilima vya Katalunya nikiwa na mzigo wa kilo 15?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Tairi hazifai na gia haifai. Kwa gia hiyo, kila unapozungusha kanyagio mara moja baiskeli husogea kama mita 3.3. Ukipanda Els Àngels na mzigo wako kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa utakuwa ukizungusha mara 40 tu kwa dakika, na nguvu yote itatoka magotini. Ukiwa na meno 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja unasogeza mita 2.1, na kwa mwendo uleule utazungusha zaidi ya mara 60 kwa dakika, jambo ambalo mtu anaweza kulifanya saa nzima akiwa anazungumza. Kwamba unaiweza milima ya nyumbani ukiwa huna mzigo si kipimo. Kuhusu tairi, njia za mchanga zinataka upana wa milimita 35 hadi 40, zisijazwe upepo hadi zikawa ngumu kama jiwe.

Kama fremu yako haina nafasi ya tairi pana, nakushauri uiache nyumbani ukakodi huko. Girona ni mji ambao waendesha baiskeli wengi wa kulipwa wameishi na kufanyia mazoezi, kwa hiyo maduka ya kukodisha na mafundi wapo kwa wingi.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Muscat. Nataka kwenda huko na mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 13. Sheria za barabarani zinasemaje, na je, tutapata chakula cha halali?
Mama msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Kwa sheria ya Hispania mtoto aliye chini ya miaka 16 huvaa kofia ngumu wakati wote, mjini na nje ya mji. Wewe utalazimika kuivaa nje ya mji, lakini ni vizuri usiivue kabisa ili mtoto asipate hoja. Gari linalompita mwendesha baiskeli linatakiwa kumwachia nafasi isiyopungua mita 1.5, na madereva wengi wa eneo hilo wamezoea kungoja nyuma hadi njia iwe wazi. Mwanao aendeshe mbele nawe umfuate, si kinyume chake. Jambo likiharibika, nambari ya dharura ni 112.

Kuhusu chakula, uwe macho, kwa kuwa soseji za huko na vipande vya nyama kavu kwa kawaida ni vya nguruwe, na huingizwa hata kwenye vyakula vya maharage na dengu ambavyo mtu angedhani havina nyama. Samaki wa Palamós hawana shaka, na mkate uliosuguliwa nyanya na kunyunyiziwa mafuta ya zeituni unapatikana kila mgahawa. Kwa nyama iliyochinjwa kihalali nendeni Salt, mji ulioshikana na Girona, ambako wanaishi watu wengi waliotoka Morocco na Gambia.

SWALI: Likizo yangu ni ya Julai peke yake. Niende?
Msomaji, Kigali

JIBU: Unaweza kwenda, ila utaishi kwa saa tofauti na wenzako wa Mei. Ondoka alfajiri, na ifikapo saa sita mchana uwe umeshafika unakolala, kwa sababu jua la mchana ni kali na upepo wa kusini magharibi, ambao wenyeji huuita garbí, mara nyingi huvuma kutoka baharini alasiri na kumrudisha nyuma yule anayeelekea Sant Feliu. Vijito vya Gavarres wakati huo huwa vimekauka, kwa hiyo beba maji ya kutosha tangu kijijini. Usifikirie kuchemsha chai msituni: kuanzia 15 Machi hadi 15 Oktoba ni marufuku kuwasha moto ndani ya misitu ya Katalunya na hadi mita 500 kutoka ukingo wake, na katika siku za hatari kubwa serikali hufunga hata njia za kuingilia vilimani. Kila jioni ulizia mahali unapolala kama njia ya kesho imefungwa. Ikiwa imefungwa, zungukia uwandani kupitia La Bisbal.