Kwa mdogo wangu unayeanza kazi ya data kwenye mamlaka ya maji

Karibu kwenye maji. Umetoka chuo na hamu ya kujenga modeli za akili mnemba, na mamlaka imekuajiri kwa sababu majira hayaaminiki tena: vuli inagoma mwaka mmoja, mwaka unaofuata inamwaga yote kwa wiki mbili na kuondoka na madaraja. Nina miaka tisa kwenye kazi hii. Ningepata mtu wa kunieleza haya mwanzoni, ningewaokolea mafundi mashimo kadhaa.

Akili mnemba hula namba, na kila namba ina kwao. Kabla hujaiingiza kwenye kompyuta, jua nani aliisoma, saa ngapi, kwa kifaa gani, na siku hiyo kulikuwa na nini.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitengeneza modeli ya kutafuta mivujo. Niliamini nimeanza pazuri, na bado naamini hivyo. Ripoti za EWURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati Tanzania, zimeonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka zetu hupotea au hayalipiwi, na lita unayoizuia isivuje imeshavutwa mtoni, imeshasafishwa, umeme wake umeshalipwa. Wakati wa ukame hakuna chanzo kipya kilicho karibu kuliko hicho. Kanuni niliyotumia inafahamika kote: kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala, kwa hiyo maji yanayopita kwenye dira kuu ya kanda saa hizo mengi yake yanavuja.

Modeli ikanionyesha kanda moja inayopitisha maji mengi mno kila usiku wa Jumanne na Ijumaa. Mafundi wakaenda, wakachimba mara mbili, pakavu. Mara ya tatu fundi mmoja mzee akaniambia, "Mwanangu, safari hii twende wote." Saa tisa usiku tukawa kwenye kichochoro. Akasimamisha fimbo ya kusikilizia juu ya bomba, akatega sikio kwenye ncha, kisha akanipisha. Maji yalikuwa yanakimbia kweli. Akaninyooshea kidole juu: simtanki kwenye mnara wake, na chini yake mama mmoja amevaa khanga, kashika tochi ya simu, anauangalia mpira usichomoke. Tukamwamkia. "Leo zamu yetu," akasema. "Tusipokinga sasa hivi, alfajiri presha imekwisha." Nilipogeuka nikaona taa nyumba baada ya nyumba. Kanda nzima ilikuwa macho.

Ile kanuni ilitungwa na watu ambao maji yao yanatoka saa ishirini na nne. Kwetu, penye mgao, lazima modeli ipewe ratiba ya mgao, na ratiba ya kweli haiko kwenye tangazo. Iko kwenye daftari la mtu anayefungua na kufunga valvu, wakati mwingine kwa penseli, wakati mwingine kichwani mwake tu. Kaa naye. Mimi ilinichukua miezi minne kuhamisha madaftari yale kwenye kompyuta, na hakuna kazi niliyowahi kufanya iliyoongeza usahihi wa modeli zangu kuliko hiyo.

Mgao una mtego mwingine, na huu ni wa hatari zaidi. Oktoba 2022 jiji la Dar es Salaam liliingia kwenye mgao mkali baada ya maji ya mto Ruvu kupungua. Mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu imejengwa kuzalisha lita milioni 270 na lita milioni 196 kwa siku, lakini mtambo hauwezi kusukuma kisichokuwepo mtoni. Sasa fikiria wewe unachukua ankara za miezi kama ile na kuifundisha modeli kukadiria mahitaji. Itaona watu wametumia maji kidogo wakati wa joto na ukame, nayo itajifunza kwamba ukame unapunguza kiu. Itakushauri utenge maji machache wakati ambao watu wanayahitaji kuliko siku zote. Dira inapima kilichofika nyumbani. Madumu yaliyonunuliwa kwa wauza maji hayamo humo. Miezi ya mgao itie alama, na usiihesabu kama miezi ya kawaida.

Mafuriko nayo huficha data kwa namna yake. Kuna kituo kimoja cha kupimia kina cha mto ambacho kumbukumbu zake zina mapengo kila baada ya miaka michache. Nilifanya tulivyofundishwa, nikayajaza mapengo kwa wastani. Baadaye msomaji wa kituo akaniambia kwamba mapengo yale ndiyo siku mto ulipofurika: maji yalifunika vipimio, mara moja yakang'oa hata nguzo. Nilikuwa nimezifuta siku ambazo modeli ilitakiwa kutuonya, nikaweka siku tulivu mahali pake. Pengo la data likitokea msimu wa mvua, uliza kwanza. Mara nyingi wazee wa kijiji wanakumbuka maji yalifika kwenye mti gani, na alama ile ya mti unaweza kuipima.

Ukifika kwenye kuijaribu modeli, usichanganye siku zote kama karata ukatoa chache za majaribio. Jumatatu inafanana na Jumanne, kwa hiyo modeli itakuwa inaibia jibu kwa jirani. Toa mwaka mzima pembeni, modeli isiuone inapojifunza, kisha uijaribu kwa huo. Kwa mito ya ukanda wa pwani, mimi hutoa 2022, mwaka wa tatu mfululizo wa La Niña, yaani kupoa kwa bahari ya Pasifiki ambako mara nyingi hutupunguzia mvua, na Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa baridi. Kisha natoa mwishoni mwa 2023, El Niño ilipoleta mvua kubwa. Naiuliza modeli: ungetuambia mapema kiasi gani? Halafu nailinganisha na kanuni isiyo na akili yoyote, kwamba kesho mto utakuwa kama leo. Usishangae ikishindwa na kanuni hiyo. Yangu ya kwanza ilishindwa, na nikawaambia wakubwa ukweli.

Mto wenyewe pia hubadilika. Bwawa la Kidunda kwenye mto Ruvu likianza kuhifadhi na kuachia maji, mto ulio chini ya bwawa hautatiririka kama unaoujua sasa, na modeli iliyofunzwa kwa mto wa zamani itabidi ifunzwe upya.

La mwisho linaniuma kuliko mengine yote. Tuliwahi kutumia malalamiko ya wateja kupanga wapi pakarabatiwe kwanza. Mitaa ya mwisho wa bomba, kilimani, haikuwa na malalamiko karibu kabisa, nayo modeli ikaiweka chini ya orodha. Nilipokwenda nikaambiwa na bibi mmoja kwamba waliacha kupiga simu zamani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuja. Tangu hapo, mtaa ulio kimya nauendea kwa miguu kabla sijauamini.

Kwa hiyo wiki yako ya kwanza usiombe kompyuta yenye nguvu zaidi. Omba gari la kwenda kwenye chanzo, na ubebe buti. Keti na mwendesha mtambo zamu nzima ya usiku, umwone anavyoongeza shabu maji yakija na tope, na umuulize anaangalia nini kabla ya kuamua. Kisha panda na msoma dira hadi nyumba ya mwisho ya bomba lake, ufungue koki mwenyewe, uhesabu ndoo inajaa kwa dakika ngapi. Iandike namba hiyo, pamoja na saa na tarehe.