Je, bayocha ya taka za sokoni ni salama kwa mchicha?

Mkuu, nimekuelewa: unachoma taka za Soko la Buguruni na mabaki ya mbao za Keko kwenye pipa ili upate bayocha, yaani makaa ya kuchanganya na udongo wa shamba, na unahofia sumu kwa mchicha unaouza. Hofu yako ina msingi.

Anza kwa kuchambua taka. Risasi na kadimiamu ni metali zenye sumu na haziungui. Taka zikipungua ujazo, metali hizo huweza kubaki na kukolea ndani ya makaa. Kwa hiyo toa betri, nyaya na makopo. Plastiki usiache hata kipande, hasa ya PVC (kama ya mabomba), maana ina klorini na ikiungua inaweza kuzalisha sumu kali iitwayo dioksini. Mbao zenye rangi, vanishi au dawa ya mchwa weka kando kabisa. Zile za rangi ya kijani huenda zina sumu ya aseniki. Maganda ya ndizi, vifuu na magunzi yanatosha. Na pipa lenyewe lilibeba nini? Kama ni kemikali, tafuta jingine.

Halafu moshi. Ukirudi na kuganda kwenye makaa huacha lami yenye kemikali za saratani, hivyo uachie njia ya kutoka. Sugua kipande kiganjani: kikinata mafuta au kunuka lami, usikitie shambani.

Jaribu kuotesha mchicha kwenye kopo moja lenye bayocha na jingine lisilo nayo. Ila jaribio hilo halionyeshi metali, mchicha unaweza kustawi nazo kabisa. Kabla ya kuuza, peleka sampuli ya bayocha Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, waombe wapime risasi, kadimiamu na aseniki.