Kiku ya kula na kiku ya makaburini

Mwanangu,

Umeuliza inakuwaje hapo Yamagata, Japani, ua moja, kiku (krisanthemamu), liuzwe duka la maua, liuzwe tena kwenye meza ya mboga, na bado lionekane kwenye sarafu ya yeni 50; na je, kiku zote zinaliwa?

Haziliwi zote. Soma jina kwanza. Kiku ikitanguliwa na neno jingine, mara nyingi "ki" hugeuka "gi". Shokuyogiku ni ya kula, shungiku ni mboga ya majani, jochugiku ni ya kuua wadudu. Hiyo ya mwisho ndiyo pareto yetu ya Mufindi. Wajapani waliitumia kutengeneza dawa ya mbu ya kuwasha, ile iliyoviringishwa. Usiitie sufuriani.

Ya kula inayosifika hapo kwenu ni ya zambarau, Mottenohoka. Niigata wanaiita Kakinomoto. Nunua iliyofungwa kama mboga. Shada la duka la maua huenda limepigwa dawa. Nyambua petali kwa vidole, kitovu cha katikati ukitupe, maana uchungu uko humo. Chemsha maji lita 1, tia siki vijiko vikubwa 2, kisha mimina petali. Zitaelea juu, kwa hiyo zizamishe kwa vijiti zipate moto sawasawa. Nusu dakika inatosha. Chuja, pitisha kwenye maji baridi, kamua taratibu kwa viganja. Ukisahau siki, rangi inachujuka. Ukizichelewesha motoni zinalegea, na utamu wa kiku ni kule kutafunika kwake, si ladha peke yake. Ukizikamua kama nguo zinashikana donge. Weka dashi (supu nyepesi ya Kijapani ya samaki mkavu na mwani) na sosi ya soya kidogo, hapo umepata ohitashi. Ukipenda siki na sukari, ni sunomono.

Shungiku, ambayo Osaka wanaiita kikuna, inatiwa kwenye nabe, chungu cha mchuzi kinachochemkia mezani, mwishoni kabisa: mashina kwanza, majani yafuate mkiwa tayari kula. Ikikaa humo inazidi uchungu, na wageni wengi wanaichukia kwa sababu hiyo tu.

Kile kiua kidogo cha njano kando ya samaki mbichi nacho kinaliwa. Nyambua petali, nyunyizia kwenye kibakuli cha sosi.

Kuhusu zawadi, kuwa mwangalifu. Kiku, hasa nyeupe, ni ya msiba, makaburi na madhabahu ya wafu nyumbani, butsudan. Usimpelekee mgonjwa. Wala usimpelekee ua lolote la kwenye chungu: mizizi yake huchukuliwa kama kumtakia akae sana kitandani.

Kiku ya kwenye pasipoti zao, yenye petali 16, inatokana na nembo ya ukoo wa Mfalme wao.

Petali zilizochemshwa zikibaki, zigawe mafungu madogo, zifunge kwenye plastiki, uzigandishe. Ukizihitaji, ziyeyushe na uzikamue tena kabla ya kutia sosi, la sivyo itakuwa maji matupu.

Mama yako