Maswali Yenu: Kulala na Gari Shambani, Ukingoni mwa Chalbi

SWALI: Salamu mhariri. Tumeigeuza Hiace yetu ya dizeli kuwa gari la kulala: kitanda, sinki, friji ndogo na tangi la maji la lita 80. Agosti tunataka kutoka Nairobi hadi Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, watu wazima wawili na watoto wawili. Kuna mwenyeji ambaye amekubali tuegeshe kwenye shamba lake karibu na chemchemi kwa siku mbili. Barabara tunaijua hadi Marsabit tu. Tujiandae vipi? – Mama Wawili, Kasarani

JIBU: Agosti mmechagua vyema, maana masika yamekwisha na vuli bado. Hadi Marsabit ni lami. Kazi inaanza mnapoiacha lami kuelekea Maikona, na kama Hiace yenu si fo-wili, msitoke Maikona peke yenu. Ongozaneni na gari lingine, na mfuate alama za malori hata pale penye njia ya mkato inayovutia. Chini ya lile gamba jeupe la chumvi kuna tope, na gari zito hulivunja. Gurudumu likianza kuzunguka bure, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Ukikazana, unachimba shimo tu.

Magurudumu ndiyo huharibu safari nyingi za huko. Mawe meusi ya volkeno yana makali, na hukata ubavu wa tairi kuliko yanavyotoboa uso wake. Kwa hiyo msishushe upepo kupita kiasi: kama tairi za nyuma zilitoka Nairobi na psi 45, teremsheni hadi 32 au 35 kwenye mawe, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Psi 20 ni ya mchangani peke yake, kwa mwendo wa polepole, kisha mnajaza tena. Tairi laini likikimbizwa hupata moto na kupasuka. Bebeni spea mbili, pampu ya kutumia betri ya gari, na vifaa vya kuziba pancha, kwa sababu miiba ya migunga hata shambani imejaa.

Sasa maji. Tangi la lita 80 halitoshi. Kila mtu anahitaji lita 5 za kunywa kwa siku na takriban 3 za kupika na kunawa, yaani lita 32 kwa familia yenu. Kuanzia Marsabit hesabuni siku nne, kwenda na kurudi, kisha siku mbili za dharura kwa maji ya kunywa tu. Jumla ni lita 168. Ongezeni jerikeni tano za lita 20 mzijaze Marsabit, na zikae sakafuni katikati ya ekseli, zimefungwa kwa mkanda. Hizo ni kilo 100. Zikiwekwa juu ya keria, gari litayumba kila kona.

Msitegemee maji ya chemchemi kwa kunywa. Maji mengi ya bonde la Chalbi yana chumvi, na kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Maji yakipungua sufuriani, chumvi iliyobaki huzidi kukolea. Kwa kuoga, sawa.

Mkifika, muulizeni mwenyeji mifugo inapita wapi kabla ya kuzima injini. Ngamia na mbuzi wakija kunywa hawatazunguka gari lenu, nalo likiziba njia mtakuwa mmewaudhi wenye maji siku ya kwanza. Msiegeshe chini ya mkoma, kwani matunda yake ni magumu na yanaweza kupasua kioo. Elekezeni pua ya gari kusini-mashariki. Upepo wa ukanda huo hutoka upande huo na huvuma zaidi usiku hadi asubuhi, na ukiupa ubavu wa gari hamtalala. Turubai la kivuli likunjwe jua linapotua, hata kama kumetulia.

Maji ya sinki yakingeni kwenye jerikeni tupu. Sabuni isiingie mferejini, maana mfereji huo ndio mboga za watu na kinywaji cha mifugo. Chumvi iliyoshika chini ya gari isubiri Marsabit, mwoshe pale kwa maji yasiyo na chumvi, sana sana breki na fremu.

SWALI: Friji yetu ya volti 12 huzimika alfajiri tukilala nje ya mji. Betri ni mpya, 100Ah. – Msomaji, Rongai

JIBU: Pengine betri haina kosa, hesabu ndiyo haitoshi. Friji ya kompresa huvuta takriban ampea 4, na kwenye joto huwaka kama asilimia 60 ya siku: karibu ampea-saa 58 (58Ah) kwa siku. Betri ya kawaida ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 50 tu. Paneli ya wati 200 itarudisha kiasi hicho siku ya jua kali, ikiwa haina vumbi wala kivuli. Pia pima unene wa waya kutoka betri hadi friji. Waya mwembamba hupoteza volti na friji hujizima mapema.

SWALI: Je, tunaweza kuota jiko la makaa ndani ya gari usiku, dirisha likiwa wazi kidogo? – Baba Njeri, Ruiru

JIBU: Hapana, hata dirisha likiwa wazi nusu. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua mtu akiwa usingizini. Jiko lizimwe, libaki nje, na majivu yamwagiwe maji mliyonawia.