Kabla hujashika bisibisi: maswali yenu kuhusu laptopu za kazi

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu ambao kipuri wameshakinunua, au wako njiani kukinunua. Nimeyafupisha kidogo.

"Laptopu ya ofisi ina Core i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8 na diski ngumu ya TB 1. Nikifungua jedwali kubwa la hesabu pamoja na kivinjari, inakwama. Nina fedha ya kitu kimoja tu. RAM au SSD?"

SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, bila kusita. Diski ngumu ya laptopu kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea lazima kihame kila faili inapohitajika. Windows ikiomba vijifaili elfu moja kwa mpigo, kichwa hicho kinahangaika huku na huku. Halafu RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, ikijaa, ziada yake humwagiwa kwenye diski hiyohiyo, kwa hiyo unaadhibiwa mara mbili.

Lakini usinunue kwa neno langu tu. Mashine ikiwa imekwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua ukurasa wa utendaji. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 huku prosesa ikizembea kwenye 10, mchawi umemwona. Ungekuwa tayari na SSD, kisha ukaona RAM imefika asilimia 90, jibu langu lingegeuka.

Siku utakapoongeza RAM, weka kadi ya pili ya ukubwa uleule ili prosesa isome kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Laptopu zinazotegemea grafiki za ndani ya prosesa hunufaika zaidi, maana grafiki hizo hukopa RAM ileile. Dirisha hilohilo la utendaji hukuonyesha matundu mangapi yametumika, ila usiliamini peke yake: mashine nyingine huhesabu RAM iliyochomelewa kana kwamba ni kadi ndani ya tundu. Pakua mwongozo wa matengenezo wa modeli yako halisi. ThinkPad T480 ina matundu mawili. X1 Carbon, ya kampuni ileile, RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua mpya ya namna hiyo, chukua RAM ya kutosha siku hiyohiyo, kwa sababu baadaye hakuna rufaa.

"RAM niliyonunua haitaki kuingia. Nisukume?"

Hapana! Huenda umechukua DDR5 kwa tundu la DDR4, au kinyume chake; hivyo ni vizazi viwili tofauti vya RAM. Mkato ulio katikati ya meno umehamishwa makusudi ili zisiingiliane: DDR4 ya laptopu ina pini 260 na hutumia volti 1.2, DDR5 ina pini 262 na volti 1.1. Irudishe ulikoitoa. Iliyo sahihi huingia kwa mshazari, kisha unailaza taratibu mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Na kabla ya yote hayo, chomoa chaja na ukate betri. Laptopu nyingi za kibiashara zina kipengele ndani ya BIOS (programu ya bodi inayotangulia kuwaka kabla ya Windows) cha kuizima betri ya ndani bila kugusa waya.

"Nimeweka SSD mpya ya NVMe. BIOS inaiona vizuri, lakini nikianza kusakinisha Windows orodha ya diski iko tupu. Fundi anasema SSD ni mbovu."

Mwambie fundi asubiri kwanza. Kama prosesa yako ni Intel ya kizazi cha 11 au baada ya hapo, ninashuku kitu kinachoitwa VMD. Kikiwa kimewashwa, SSD haiongei na Windows moja kwa moja; inapitia kwa kidhibiti cha Intel, na flashi ya usakinishaji mara nyingi haina draiva yake. Kwa hiyo SSD ipo, ila aliyetumwa kuitafuta hajui mlango.

Njia mbili zipo. Ya kwanza: nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, pakua draiva ya Intel Rapid Storage ya modeli yako, ifungue mpaka uone faili zenye kiambishi .inf, nakili folda nzima kwenye flashi, kisha kwenye ule ukurasa mtupu chagua kupakia draiva. SSD itatokea papo hapo. Ya pili: ingia BIOS uzime VMD, kisha uanze upya. Kwa SSD tupu njia hii ni nyepesi na haina hasara kwa mtumiaji wa kawaida.

Angalizo kwa wengine wanaosoma: usizime VMD kwenye mashine ambayo tayari ina Windows inayofanya kazi. Itawaka kwenye skrini ya buluu na kugoma. Ikikutokea, rudi BIOS uiwashe VMD tena kabla hujaanza kufuta chochote. Kwa kawaida kila kitu hurudi kama kilivyokuwa.

"Nimesasisha BIOS, sasa laptopu inadai ufunguo wa tarakimu 48. Sikuwahi kuweka ufunguo wowote."

Hukuweka wewe, Windows iliweka. Ni BitLocker, usimbaji wa Windows unaoifunga diski kwa ufunguo. Chipu ya TPM hutunza ufunguo wa diski na kuutoa tu ikiwa mashine inawaka kama ilivyozoea. BIOS imebadilika, chipu ikaona mgeni. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, usakinishaji mpya kwa akaunti ya Microsoft huwasha usimbaji huu wenyewe, ndiyo maana wengi hawajui kama wanao.

Tumia simu: ingia kwenye akaunti ya Microsoft uliyotumia mara ya kwanza kuanzisha laptopu, utafute funguo za urejeshaji. Zikiwa nyingi, linganisha kitambulisho kilichoandikwa kwenye skrini. Ikiwa ni mali ya kazini, mtu wa TEHAMA ndiye anayeuona. Ufunguo usipopatikana popote, data hiyo imekwenda, na anayekuahidi kuivunja anataka pesa yako tu. Siku nyingine ukitaka kusasisha BIOS, simamisha BitLocker kwa muda kwanza, halafu ndipo usasishe.

"Core i5 yangu ni ya kizazi cha saba. Nikiongeza TPM 2.0 nitapata Windows 11?"

Kikwazo chako ni prosesa, na hiyo kwenye laptopu yako haibadilishwi. Huenda hata TPM unayo tayari. Windows 10 ilifika mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Watu binafsi wanaweza kujiandikisha kwa masasisho ya ziada ya usalama hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo, mfumo mwingine kama Linux, au mashine nyingine. Njia za kukwepa masharti zipo mtandaoni, ila sizipendekezi kwa kompyuta inayobeba hesabu za wateja.

"Nimenunua laptopu iliyotumika. Nikiianzisha upya, inataka barua pepe ya kampuni nisiyoijua. Nikibadilisha SSD itaisha?"

Haitaisha. Utambulisho wa mashine umesajiliwa kwenye seva za Microsoft, na bodi ni ileile, kwa hiyo ikiunganishwa na intaneti itatambuliwa tu. Kampuni iliyoisajili ndiyo yenye uwezo wa kuiondoa. Huenda iliuzwa kihalali na mtu akasahau kuifuta kwenye orodha. Huenda pia iliibwa. Mpe muuzaji mashine na umtake awasiliane nao. Kwa wanaojiandaa kununua, ombeni ianzishwe upya mbele yenu ikiwa imeunganishwa na mtandao, mpaka ipite ukurasa wa akaunti, kisha muingie BIOS kuhakikisha hakuna nenosiri la msimamizi.