Mdogo wangu ananiletea iPhone, niache Android yangu?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi nauza vitenge hapa Mwanza, wateja wangu karibu wote wako WhatsApp. Natumia Samsung ya laini mbili, moja Voda moja Airtel, na hela inaingia kote kote. Sasa mdogo wangu yuko Marekani anataka kuniletea iPhone 14 ya huko huko. Kuna wanaosema nitajuta, wengine wanasema nitaisahau Android kabisa. Wewe umetumia zote, nisaidie.
Muuza vitenge, Mwanza

JIBU: Nzuri dada yangu, na hongera kwa biashara. Android nimeitumia miaka sita ndo nikahamia iPhone, na leo natembea na zote mbili, kwahiyo nakwambia nilichokiona kwa mikono yangu.

Kabla ya kamera, kabla ya chochote, tuongelee laini. iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia hiyo 14 ya mwaka 2022 hazina sehemu ya kuweka laini, zote ni eSIM, yani laini iko ndani ya simu huwezi kuichomoa. Kwa mtu wa mshahara sio shida. Kwa wewe ambae duka lako ni namba ya simu, fikiria vizuri. Kuna siku natoka Morogoro simu ikazima chaji na kuna mtu anasubiri hela yangu muda huo huo, nikachomoa laini kwenye Android, nikaazima kitochi cha abiria wa pembeni, nikaipachika laini kwenye kile kifremu cha plastiki maana laini ya sikuhizi ni ndogo mno, nikapiga *150*00# hela ikaenda. Kwa eSIM hapo ningekaa kusubiri mpaka nifike kwenye umeme.

Kwahiyo mwambie mdogo wako aiache ya Marekani, kama anaweza kuipata 14 ya Uingereza hiyo ina sehemu ya laini moja na nyingine unaweka eSIM, na kabla haijafika pita dukani kwa mtandao wako na namba ya NIDA uulize eSIM.

Sasa uzuri wake. Video ya kitenge nikichukua kwa iPhone haichezi cheza, na masasisho yanakuja miaka mingi, iPhone 11 ya 2019 imepata hadi iOS 26 (iOS ndo mfumo unaoendesha iPhone) ya mwaka 2025. Android inategemea kampuni na bei, Samsung S24 waliahidi miaka 7 lakini za bei ya chini hazifiki huko. Ila mafaili bado naipenda Android, unachomeka flashi unahamisha picha zako umemaliza, na bajeti ikibana unapata simu ya kueleweka.

Na chati za wateja tafadhali sana!! Bakapu ya WhatsApp, yani ile nakala ya chati zako inayohifadhiwa mtandaoni Google Drive, iPhone haiisomi. Unahamisha kwa programu ya Move to iOS, na lazima iPhone iwe mpya au imefutwa kila kitu. Mimi niliiwasha kwanza nikaanza kuitumia, ikabidi niifute nianze upya, jioni nzima imeisha. Chomeka simu zote mbili kwenye chaji, ziwe kwenye WiFi moja, usiziguse mpaka zimalize. Hiyo Samsung usiifute wala usimpe mtu mpaka umefungua chati ya mteja wa zamani kabisa ukaona na picha zake zinafunguka.