Ukitaja mwalo, umemtaja mtu

Wadogo zangu mnaoanza usaidizi wa kisheria hapa Mwanza, kabla hamjakaa mbele ya maikrofoni sikilizeni kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza redioni nilisimulia kisa cha mama aliyepigwa hadi akavunjika mkono. Jina sikulitaja. Nilisema tu kwamba anaanika dagaa, ametokea Ukerewe, mumewe alizama ziwani na amemwachia watoto wanne. Kulipokucha, mwalo mzima, yaani ufukwe wa wavuvi alikoanikia dagaa, ulikuwa unamnyooshea kidole. Ofisini kwetu hakukanyaga tena, na shahidi wake akanyamaza.

Mialo yetu ni midogo. Kazi ya mtu, alikotoka na idadi ya watoto wake vinatosha kumtambulisha. Sauti yake nayo inajulikana sokoni, kwa hiyo maneno yake yasomwe na mwenzako, na wasikilizaji waambiwe kuwa wanasikia sauti ya mtu mwingine. Siku hizi simsimulii mtu yeyote kabla sijamsomea yeye mwenyewe kile nitakachosema, naye akanikatia anachotaka kikatwe. Akikataa kabisa, basi. Kwa mtoto ni zaidi ya hapo: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda, kwa hiyo acheni jina, shule, mtaa, hata jina la mzazi wake.

Sasa, mseme nini? Vijana wengi huja na hotuba: waathirika wana haki, jamii ibadilike. Mama wa Igombe aliyepigwa usiku wa jana hapati kitu hapo. Mwambieni cha kufanya. Aliyejeruhiwa anapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kituo cha polisi, daktari anaijaza, na baadaye inakuwa ushahidi mahakamani. Fomu hiyo hailipiwi. Aliyebakwa asioge kwanza, nguo zake aziweke kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, awahi hospitali: dawa za kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inampunguzia nafasi. Kituoni aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, na asiondoke bila namba ya RB, yaani namba ambayo polisi wameandikishia taarifa yake.

Halafu kuna dhamana. Hili lipeni kipindi kizima, kwa sababu ndipo kesi nyingi zinapofia. Mtu anamripoti aliyemuumiza, siku mbili baadaye anamkuta kijiweni anakunywa kahawa. Anaamini kwamba polisi wamehongwa, anakata tamaa, na siku ya kutoa ushahidi haonekani. Mwelezeni taratibu kuwa dhamana haimwachii mtu huru. Kesi ipo palepale na yeye bado anahitajika. Akitishwa na huyo aliyedhaminiwa, arudi kituoni akaripoti vitisho, na mwendesha mashtaka ajulishwe. Mwambieni pia kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri, hivyo wazee wakikaa na kupokea ng'ombe hawajaimaliza. Na mahakama, ikimtia mtu hatiani, inaweza kuamuru amlipe fidia mtu aliyeumizwa. Wengi hawajawahi kulisikia hilo, nami huumia kila ninapokutana na mtu aliyelijua akiwa amechelewa.

Saa ya kipindi msiipange kwa kuiga redio za Dar es Salaam. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza na kurudi alfajiri. Mbalamwezi ikiwa kali wanabaki nchi kavu. Hizo ndizo siku za kuongea na wanaume jioni, pesa na pombe vikiwa vimekutana kambini. Wanawake wapateni asubuhi wakianika. Radio Free Africa inasikika mbali, lakini redio ndogo ya wilayani ina mtangazaji anayeijua kambi na anaweza kuuliza swali ambalo wewe hungelifikiria.

Simu za moja kwa moja ziogopeni. Mpigaji mmoja atamtaja mtuhumiwa kwa jina na ukoo, na hapo mmemhukumu mtu hewani kabla ya mahakama, tena mmemfichua mwathirika. Mimi naomba maswali yaje kwa ujumbe, mtayarishaji ayasome kwanza.

Jambo la mwisho linahusu asubuhi inayofuata. Kabla ya kutangaza namba, ipigeni wenyewe usiku, hata 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto. Nendeni dawatini mkamwambie askari wa zamu mtakachosema, kwa sababu watu watakuja. Mara moja tulisahau, na akina mama watatu waliovuka kwa kivuko wakakuta mlango umefungwa. Nauli ya kurudi tulichangishana ofisini, na wawili kati yao hatukuwaona tena.